Jina la Kumi na Mbili

Hadithi hii kwetu husimuliwa bila kuongezwa wala kupunguzwa. Naileta kama nilivyoipokea. Ukiimaliza, mpe na mwenzako.

Katika kijiji kimoja cha Uchagani, daktari wa macho alikuwa akija mara mbili kwa mwaka. Alikaa siku moja tu na kuwapasua watu kumi na wawili. Majina yaliandikwa wiki tatu kabla, na sheria ilikuwa moja: nafasi ya mtu haitolewi kwa mwingine mpaka mwenyewe aseme kwamba haji.

Jina la kumi na mbili lilikuwa la Ndewirwa, mzee mwenye heshima zake, ambaye watu walimwita Meku, yaani babu. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho.

Asubuhi ya siku yenyewe, jirani yake alikuwa amefungua pipa la mbege, pombe ya ndizi.

"Meku, si leo unakwenda kwa daktari?"

"Ukungu huu una miaka mitatu. Umenizoea, utaningoja," alijibu, watu wakacheka.

"Basi watumie neno kwamba huendi."

"Nimtumie daktari neno kwamba simtaki? Huo si ustaarabu. Heri ninyamaze."

Akapokea kata ya pombe, akanyamaza.

Kule zahanati, muuguzi aliita jina lake mara tatu. Kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja, Aikaruwa, ambaye hakuwa ameandikishwa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka ng'ambo ya korongo, dada yake akimshika mkono. Jicho lake moja lilikwisha kufa. La pili lilibakiwa na mwanga kidogo.

"Mwanangu, huyo unayemwita kama haji, niingie mimi?"

"Mama, hajasema haji. Huenda yuko njiani."

"Basi tumngoje."

Walimngoja hadi saa kumi. Daktari alifunga vifaa vyake, kwa kuwa alikuwa na safari ndefu, na gari likaondoka.

Miezi sita ikakaribia kutimia. Meku alipokwenda kujiandikisha tena, muuguzi aliandika jina lake, kisha akamweleza ni nani aliyemngoja siku ile. Mzee aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

Uchagani, mtu aliyekosa hubeba jani la isale kwenda kuomba radhi, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Meku alilikata jani hilo, akavuka korongo. Alimkuta Aikaruwa amekaa uani, akaliweka mikononi mwake. Mama yule akalipapasa taratibu.

"Hili ni isale. Ni nani aliyelileta?"

"Ni mimi. Yule uliyemngoja."

"Nimekusamehe," akasema Aikaruwa.

"Mama, jina langu limeandikwa tena. Nafasi hiyo ni yako. Muuguzi nimekwisha mwambia."

Siku ilipofika, Meku mwenyewe alimwongoza, na wakawa wa kwanza kufika. Daktari, aliyekwisha kuelezwa na muuguzi habari za siku ile, alimpima mama yule kwa muda mrefu, jicho moja, kisha la pili, kisha tena lile la kwanza.

"Mwanga uliobaki uliondoka lini, mama?"

"Wakati wa kuchuma kahawa, mwanangu. Ni miezi miwili sasa."

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Ugonjwa wako si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Ningekupasua mara ile, ningeulinda mwanga uliokuwa nao. Uliokwisha kuondoka, hakuna daktari awezaye kuurudisha."

Meku alisimama. "Lakini amenisamehe! Jani amelipokea!"

Ndipo Aikaruwa akaunyoosha mkono mpaka akaupata wa mzee.

"Ni kweli nimekusamehe, Meku, na silirudishi jani lako. Lakini ugonjwa haukuombwa radhi. Sasa ingia wewe."

"Siwezi, mama. Sistahili."

"Ukitoka hapa bila kupasuliwa, jicho lako nalo litakufa, na nafasi itakuwa imepotea mara mbili. Ingia. Daktari asikungoje."

Mzee akaingia, akilia kwa jicho lile zima na lile lenye ukungu.

Funzo: Kama huendi ulikoahidi, sema mapema, kwa maana msamaha huwapatanisha watu, lakini haumrudishii mtu siku aliyokungoja.