Nani Ampe Jina Mtoto wa Subilaga?

Hapo zamani, siku zile barabara kubwa ya kwenda mpakani ilipokuwa ikichongwa kwa katapila na sururu, kwenye miteremko ya mlima Rungwe aliishi mchuma chai mmoja. Jina lake Subilaga. Mumewe, Ambakisye, alikuwa mpasua mbao. Miaka saba ya ndoa, wanapendana mpaka majirani wanawatania, ila mtoto hawakupata.

Waliishi na mama yake Ambakisye, Mama Tupokigwe. Watu walitazamia atamfukuza mkwewe. Hakumfukuza. Baba wadogo wa Ambakisye walipokuja kusema kuna binti mzuri upande wa pili wa bonde, mama huyo aliwakaribisha chai na ndizi za kuchoma, akasubiri wamalize kula, akasema, "Shemeji zangu, asanteni kwa kututembelea." Akawafungulia mlango.

Sasa, katika kambi ya barabara palikuwa na tabibu kutoka Uchina, mama wa makamo. Jina lake Shen Yulan, wenyeji wakamwita Mama Sheni. Alitibu kwa sindano nyembamba na mizizi mikavu, na Kiswahili alijifunza kwa wapishi wa kambi. Subilaga akaenda kwake. Mama Sheni akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya damu. Akamtazama ulimi. Akamgusa nyayo.

"Miguu baridi," alisema. "Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama. Tunaingia shambani kabla ya jua."

"Kwenye umande?"

"Kwenye umande."

"Mwaka mzima?"

"Chai haina likizo, mama."

Mama Sheni akatikisa kichwa. "Mimi sina dawa ya kukupa mtoto. Anayekuahidi mtoto anakudanganya. Ila sisi tumefundishwa kwamba mwili una misimu, kama ardhi. Wakati wa baridi ardhi inalala, inaweka akiba. Na wewe lala mapema, amka jua likishatoka, kula vya moto, funika miguu. Majani yakichipua, tembea, nyoosha mwili, kula mboga changa, usilimbikize hasira. Wakati wa joto amka mapema, cheka sana. Wakati wa mavuno punguza mambo, tulia. Wewe unaishi msimu mmoja tu, miezi kumi na miwili. Na mumeo je?"

"Yuko msituni. Anarudi mara moja kwa mwezi."

"Basi naye arudi. Hii si kazi ya mtu mmoja."

Wiki iliyofuata Mama Sheni akapanda mlima mpaka kwao, mwendo wa saa mbili, goti bovu likimuuma. Akatoa karatasi aliyochora mwaka mzima. Mwezi wa kwanza: baridi, kulala. Mama Tupokigwe akasomewa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tabibu, mwezi wa kwanza hapa ni mvua na magugu! Baridi yetu ni mwezi wa sita, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda."

Mama Sheni akaitazama karatasi yake, akacheka naye, akaigeuza upande wa pili. "Haya, mama. Taja wewe, mimi niandike."

Wakakaa jikoni mchana kutwa, mmoja anataja, mwingine anaandika. Ukungu: uji wa ulezi wenye tangawizi, supu ya kuku, soksi. Mvua za kwanza: majani ya maboga, kutembea mpaka kwa dada yake Subilaga na kurudi. Na kadhalika, mpaka mwaka ukajaa.

Lakini nyapara wa shamba la chai alikuwa na lake. "Asiyekuja miezi mitatu ya ukungu," alisema, "nafasi yake naipa mtu mwingine." Ukungu ulipoingia, asubuhi ya kwanza alimkuta Mama Tupokigwe kwenye mstari, kikapu mgongoni, miaka sitini na kitu.

"Bibi, wewe umetokea wapi?"

"Nafasi ni ya Subilaga," alijibu, "mikono ni yangu. Umande nimeuzoea kabla hujazaliwa."

Ambakisye naye akaacha msitu. Mwenzake wa upande wa pili wa msumeno alikasirika, akakaa miezi bila kumsalimia. Ambakisye akaanza kuchonga vigoda nyumbani, vigoda vibaya mwanzoni, vinapepesuka. Akala alichokula mkewe, akalala alipolala. Kila jioni alichemsha maji ya tangawizi, akamwosha mkewe miguu barazani. Rafiki zake wakipita njiani wakapaza sauti, "Ambakisye, umeolewa siku hizi?"

"Nimeoa," akawajibu. "Ndiyo maana."

Mwaka ukazunguka. Ukungu, mvua, joto, mavuno. Mtoto hakuja.

Barabara ikaisha. Kambi ikaanza kuvunjwa. Mama Sheni alikuwa ameshafunga mizigo, maana binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Akapanda mlima kuaga. Akawakuta wote jikoni.

Mama Tupokigwe, vidole vimevimba, alikuwa amemshika mkwewe bega. "Mwanangu, tuache. Wewe mwenyewe unanitosha."

Ambakisye akasema, "Hata tukibaki wawili, mke wangu, mimi nimeridhika."

Subilaga alilia mpaka akamaliza. Akajifuta kwa kanga. "Nimewasikia. Lakini tangu nikiwa msichana, huu ndio mwaka wa kwanza nimelala vizuri. Siumwi mgongo. Nacheka. Jamani, mimi sijachoka. Nataka tuzunguke tena."

Mama Sheni hakuaga. Alirudi kambini, akaomba abaki na kikundi cha kukarabati madaraja, akamwandikia binti yake barua. Binti yake hakujibu.

Wakazunguka tena. Mama Tupokigwe akabeba kikapu, Ambakisye akachemsha maji, Mama Sheni akapanda mlima kila msimu ulipogeuka, goti lile lile. Na kiangazi kilipokuwa kinaisha, Subilaga akaanza kuichukia harufu ya supu ya kuku. Akaenda kituo cha afya. Nesi akampima, akatabasamu.

"Una mimba ya miezi miwili. Kwa nini sasa na si zamani, mimi siwezi kukuambia. Wakati mwingine huja tu yenyewe."

Miezi ilipotimia akajifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti ya kuamsha kijiji.

Siku ya nane gari likaja kumchukua Mama Sheni, safari hii kweli. Likasimama njiani. Mtoto alikuwa bado hana jina, na ndani ya nyumba watu wanne walitaka kulitoa.

Mama Sheni akasema, "Mimi ndiye niliyeona miguu baridi. Bila mimi angekuwa bado kwenye umande. Nimekosa harusi ya mwanangu. Nataka mtoto aitwe jina lake, nikifika nimwambie, 'Sikukusahau, nimekuachia ndugu.'"

Mama Tupokigwe akasema, "Dada yangu, ningenyamaza, mngemlaza mkwe wangu wakati wa mvua na kumwamsha kwenye baridi. Na kikapu nani alibeba? Tazameni vidole hivi. Nataka aitwe jina la marehemu mama yangu."

Ambakisye akasema, "Mama zangu, mimi sina vidole vya kuonyesha. Lakini niliacha kazi niliyoijua, nikapoteza rafiki, nikachekwa barabarani. Akina baba wengine hutoa jina bila kufanya lolote. Mimi nilifanya, halafu ninyimwe?"

Subilaga, mtoto yuko kifuani, akawatazama mmoja mmoja, akacheka na machozi yakimtoka. "Nawapenda nyote. Lakini siku ile jikoni nyote mlikuwa mmekata tamaa. Wawili mliniambia tuache, wa tatu alikuwa amefunga mizigo. Aliyesema tuzunguke tena ni mimi. Na aliyembeba ni mimi."

Hakuna aliyenuna. Lakini hakuna aliyerudi nyuma. Wanne walisimama hivyo, kila mmoja ameweka mkono juu ya shuka la mtoto, dereva anapiga honi, na yule mdogo anapiga miayo.

Mimi nimefika hapo, mbele yangu mpo ninyi. Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kumpa jina?