Nani Apewe Wavu wa Vipanga?

Haya, sogeeni. Mwenye njaa ale kwanza, mwenye simu aizime. Hadithi hii nina mwanzo wake na katikati yake. Mwisho nimekuja kuuomba kwenu.

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na timu ya mpira wa kikapu mjini Iringa, ikiitwa Vipanga. Haikuwa timu ya kucheza jioni ili kupunguza kitambi. Hii ilikuwa timu ya ligi ya kulipwa, yenye mikataba, mameneja na mashabiki wenye midomo. Na katika habari zake kuna watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Gaudensia Luvanda, meneja. Mpira wenyewe hakuweza kuudunda mara mbili bila kujigonga mguu, lakini alilelewa kwenye meza ya kuuzia nyanya kule Ilula, na alikuwa na jicho la kujua kipi kiuzwe leo na kipi kingoje kesho.

Wa pili ni Zuberi Ntahondi, kijana wa Kigoma. Huyu alijaliwa mkono. Ukimwacha apumue kidogo tu, hata awe mbali na goli kiasi gani, mpira umeshazama.

Wa tatu ni Vitalis Kikoti, nahodha wa Vipanga, na kipaji chake kilikuwa moyo wa kubaki. Magoti yalikuwa yamechoka na nywele zilikuwa zinaaga, ila aliichezea timu ile tangu ujana, mpaka wenzake wote wakawa makocha, wauza mbao na wazee wa kanisa.

Vitalis alikuwa na jambo moja tu alilolitamani, nalo ni wavu. Vipanga walikuwa na desturi: wakitwaa ubingwa, wavu wa goli unakatwa mzima na kupewa mtu mmoja, yule aliyeleta kombe. Haugawanywi. Waasisi walisema, "Mkiugawa, kila mtu atarudi nyumbani na uzi." Mwaka aliosajiliwa Vitalis, mama yake kule Kihesa aligongelea msumari sebuleni kwa ajili ya wavu huo. Wavu haukuja, kwa hiyo msumari ukapewa kazi ya kubeba kalenda. Kalenda zilibadilika mwaka hadi mwaka, msumari ukawa ule ule.

Msimu ninaousimulia, Vipanga walikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kutupa kutoka mbali. Na mtu huyo alikuwa Kigoma, kwenye timu ya Mamba, anasugua benchi. Zuberi alikuwa ameumia kifundo cha mguu, madaktari wanatikisa vichwa, na mkataba wake mnono ulikuwa bado na miaka mingi mbele. Mamba walitamani kusajili mtu mwingine msimu ujao, lakini wangemlipa vipi? Sheria ya ligi iliweka kikomo cha mishahara ya timu nzima, na mshahara wa Zuberi ulikuwa umeijaza nafasi yote. Tena sheria hiyo hiyo ilisema, timu zikibadilishana wachezaji, mishahara yao ilingane.

Hapo ndipo jicho la Ilula lilipoamka. Gaudensia akakitazama kikosi chake. Nani analipwa sawa na Zuberi? Vitalis, kwa kuwa zamani alikuwa nyota na mkataba wake uliandikwa zamani hizo. Na unakwisha lini? Mwisho wa msimu. Basi Mamba wakimchukua Vitalis leo, ligi ikifungwa mshahara wake unafutika, nafasi inabaki wazi, nao wanamsajili wamtakaye. Mameneja wengine walimwona Vitalis kama mzee anayekula mshahara wa bure. Gaudensia aliona ufunguo wa mlango wa Kigoma.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Mchezaji aliyeitumikia timu moja miaka mingi namna ile hahamishwi bila ridhaa yake. Akisema hapana, imekuwa hapana.

Akamfuata mazoezini, akamkuta anajifunga barafu magotini.

"Kamwene, kaka Vita."

"Kamwene. Meneja akinisalimu Kihehe, najua kuna jambo."

Akamweleza lote, hakuficha. Vitalis akasikiliza, barafu inamdondokea kwenye viatu.

"Kwa hiyo wananitaka kwa sababu nakwisha."

"Unaokwisha ni mkataba, kaka. Wewe hujaisha."

"Wakinipata, watanichezesha?"

Gaudensia hakuwa mwongo. "Sidhani."

"Dada, wewe umekulia kwenye nyanya. Nyanya ikikaribia kuoza inauzwa bei ya kutupa."

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Wewe ni nyanya ya kwanza niliyoiona ambayo kadiri siku yake inavyokaribia, ndivyo bei inavyopanda."

"Yaani umeniita nyanya."

"Nyanya ya bei, kaka."

Alicheka, lakini iliuma, tusidanganyane. Mtu umekaa mahali mpaka viti vinakujua, halafu unaambiwa kilicho bora kwako ni kwamba karibu unaondoka! Akaenda Kihesa kwa mama yake.

"Ukikataa, wavu utakuja?" mama akauliza.

"Hauji, mama. Hatuna mtupaji."

"Na ukikubali?"

"Huenda ukaja. Lakini hautakuja hapa. Mimi nitakuwa Mamba."

Mama akaitazama kalenda kwa muda. "Basi chukua sweta."

"Kigoma kuna joto, mama."

"Vitalis, chukua sweta."

Akalichukua, akasaini, akaenda. Huko Kigoma alikula migebuka, samaki wa ziwani kule, hadi akanenepa. Vijana wa Mamba wakambandika jina la Bwana Nafasi, kwa kuwa walichomngojea ni nafasi atakayoiacha. Naye alilipokea kwa kucheka, akawafundisha namna ya kugombea mpira unaogonga chuma, na jioni akawa anafuatilia kwenye simu matokeo ya Iringa.

Zuberi naye akatua Iringa anatetemeka kwa baridi kama kifaranga kilicholoweshwa. Mguu haukuwa umepona vizuri, na daktari wa timu alimwambia apumzike hadi msimu mwingine. "Nikipumzika," akajibu, "yule mzee atakuwa amekwenda kula samaki bure." Akacheza. Kila mechi alitoka anachechemea, na kila mechi Vipanga walishinda.

Fainali ikachezwa Dodoma, Vipanga na timu ya Mbeya. Mamba walikuwa wameshatolewa, kwa hiyo Vitalis akafunga safari, akakata tiketi kama shabiki yeyote, akaketi jukwaani. Mama yake alikuwa ametangulia kumshikia kiti.

Zikabaki sekunde za kuhesabu kwa vidole, Mbeya wanaongoza kwa pointi mbili. Mpira ukamfikia Zuberi kule mbali, mguu umevimba, mabeki wawili wanamrukia. Akatupa. Mpira ukazama katikati ya wavu bila kugusa chuma, zikawa pointi tatu, na filimbi ikalia. Vitalis aliruka juu hata magoti yakasahau kulalamika. Alikuwa anafurahi, na alikuwa analia, na hakujua kipi kilianza.

Mwenyekiti wa Vipanga, Mzee Sanga, akapanda ngazi ameshika mkasi. "Aliyeleta kombe aje achukue wavu wake!"

Zuberi akaja anachechemea. Gaudensia akaja anakimbia. Wakagongana chini ya goli, uwanja mzima ukaangua kicheko. Ndipo sauti ikashuka kutoka jukwaani: "Na mwanangu je?" Ilikuwa ya mama yake Vitalis, na Vitalis akatamani kujificha ndani ya sweta.

"Kaka mkubwa, shuka!" Zuberi akapaza sauti. "Shuka tubishane vizuri."

Akashuka. Zuberi ndiye aliyeanza. "Mzee Sanga, wapo wote, kaka yupo, dada yupo, lakini mpira haukuingia wenyewe. Nimetupa kwa mguu ambao daktari aliukataza."

"Kutupa ndiyo kazi unayolipwa," akasema Gaudensia. "Ulikuwa benchi, hakuna aliyekutaka. Nani alijua kwamba mkataba unaokwisha unaweza kununua mkono kama huo? Ningekosea, leo ningekuwa nimerudi Ilula."

"Nawe hukutoka jasho, dada," Zuberi akamrudishia. "Uliweka rehani mguu wangu na uzee wa mwenzako."

Watu wakamgeukia Vitalis. Wengi walidhani atasema wapewe wao, maana ndivyo wazee wanavyotakiwa kusema.

"Nautaka," akasema. "Nimeutaka maisha yangu yote. Nilikuwa na haki ya kusema hapana, nikasema ndiyo. Neno lile lingebaki mdomoni mwangu, Zuberi angekuwa Kigoma, na dada angekuwa na wazo zuri tu."

"Lakini fainali hii hukuicheza," shabiki mmoja akadakia. "Tena wewe ni Mamba!"

"Ni kweli," Vitalis akasema. "Ni Mamba hadi mwisho wa mwezi."

Mzee Sanga akakuna kichwa kwa mpini wa mkasi. Mlinzi wa ukumbi akaanza kuchezesha funguo zake kwa makusudi. Mama yake Vitalis akateremka polepole, akamshika mwanawe mkono na kumnong'oneza, ila wote wakasikia: "Kalenda nimeshaitoa."

Mzee Sanga aliposikia hivyo akashindwa kabisa. Akashuka kwenye ngazi bila kukata hata uzi, na hajapanda tena mpaka leo. Wavu bado unaning'inia, na msumari wa Kihesa uko mtupu.

Mimi kanipa mkasi, kaniambia nitafute mwenye busara kuliko yeye. Huu hapa. Yuko mwenye jicho, ambaye bila yeye hakuna aliyewaza. Yuko mwenye mkono, ambaye bila yeye mpira haukuingia. Na yuko aliyesema ndiyo, akaenda zake. Ngazi nitakushikia mimi mwenyewe. Je, ukishaukata wavu, utamvisha nani shingoni?