Orodha Nyuma ya Mlango wa Ndekirwa

Orodha haina miguu. Ndivyo alivyosema Mama Tumsifu pale bombani mlipokuwa mkimsomea kwenye simu miji kumi na miwili mtakayoitembelea, nanyi mkacheka mkidhani anawatania. Hakuwa anawatania hata kidogo. Haya, mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Nitawaambia, ila mikono isisimame. Tangawizi hii haijioshi yenyewe, na gari la mnunuzi linapita kesho. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Kabla baba zenu hawajaoa, huku huku milimani Upare, alikuwako mzee mmoja akiitwa Ndekirwa, karani wa mahakama ya mwanzo. Kwa miaka thelathini na mmoja aliandika kesi za watu: ng'ombe wa nani kala mahindi ya nani, nani kasogeza mpaka usiku. Alipostaafu alirudi nyumbani kwa mkewe Namkunda akiwa na mwandiko wa kupendeza kuliko wa mwalimu yeyote, na uchovu ambao usingizi haukuuondoa.

Wiki ile ile akachukua karatasi kubwa, akapiga mistari kwa rula, akaandika yote aliyoyaahirisha tangu ujana. Namba moja, mlango wa choo, uliokuwa ukining'inia kwa bawaba moja. Namba mbili, mfereji wa nyuma ya jiko, uliokuwa ukimwaga maji ukutani. Ikafuata paa, zizi, ua, hadi namba kumi. Kuanzia kumi na moja zilikuwa safari, na ya kwanza iliandikwa: Kwenda kumwona Dada Nakijwa. Chini yake ikaja Tanga akaione bahari, kisha Moshi, na kwingineko. Akaibandika nyuma ya mlango wa sebule, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Jamani, aliona raha! Moyo ulimtulia kana kwamba kazi zote zimekwisha, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Huyo Nakijwa alikuwa dada yake wa pekee. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni hadi shuleni siku za mvua. Akaolewa chini, tambarare, nusu siku ukishuka na siku nzima ukipanda. Kila mwaka baada ya mavuno ni yeye aliyepanda kuja kumwona mdogo wake, kikapu kichwani. Ndekirwa hakuwa ameshuka tangu walipomzika shemeji yake, na hiyo ni zamani. Kila mara alipomsindikiza alimwambia, "Mwaka huu nakuja, dada. Nimeshaandika."

Sasa, mzee wa watu alikuwa na kanuni zake za mahakamani. "Namba ni namba," alimwambia Namkunda. "Siwezi kurukia kumi na moja wakati moja haijafanyika. Niache nyumba hivi nikatembee? Watu watanionaje?"

Na hiyo moja haikufanyika. Kila jioni alisimama mbele ya karatasi, akaisoma juu mpaka chini, na alipofika mwisho alikuwa hoi, akatafuta kiti. Kazi usiyoifanya inachosha kuliko uliyoifanya, wajukuu zangu. Bado mtakuja kujua. Ukifika mwaka mpya alitoa karatasi nyingine, akanakili yote upya kwa wino mweusi, mistari ikanyooka kuliko ya mwaka jana. Siku hiyo alikula ugali kama mtu aliyetoka kulima. Namkunda alisema, akasema, mwisho akachoka. Akaufunga mlango wa choo kwa kamba ya katani, akanyamaza. Ikapita miaka saba hivyo.

Mwaka wa nane Nakijwa alituma ujumbe kupitia mwanamke aliyekuwa akipandisha mchele mlimani: "Mwambieni Ndekirwa miguu yangu inavimba. Safari hii aje yeye."

Ndekirwa aliposikia alishtuka kweli, msimwone hana moyo. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi mnajua alifanya nini? Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili chini ya namba kumi na moja. Halafu akakaa.

Mavuno yakaja, yakapita. Siku moja mbwa wakabweka, Namkunda akachungulia, akapiga yowe. Alikuwa Nakijwa. Alikuwa amepanda kwa siku mbili, akilala njiani kwa watu asiowajua, miguu ameifunga vitambaa vya khanga. Aliketi kizingitini, hakuweza hata kuuvuka mlango. Namkunda akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, akaanza kumkanda. Ndipo Nakijwa, akiwa ameegemea mlango, akaiona ile karatasi.

"Ile ni nini?"

"Ni orodha yangu, dada. Mambo yote ninayotaka kuyafanya."

"Nisomee. Mimi sikusoma."

Akamsomea. Mlango wa choo, mfereji, paa. Alipofika kumi na moja akakoma.

"Mbona umenyamaza? Hapo pameandikwaje?"

"Kwenda kumwona Dada Nakijwa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipostaafu. Lakini sijakuacha hata mwaka mmoja, dada, nakunakili kila mwaka mpya. Na hapa tazama, nimekupigia mistari miwili myekundu."

Nakijwa aliitazama ile mistari kwa muda. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Pembe ya msaragambo ikilia," akauliza, "bado unakwenda na wenzako kuchimba mfereji wa kijiji?"

"Nakwenda. Sijawahi kukosa."

"Huo ni namba ngapi?"

"Msaragambo hauna namba, dada. Pembe ikilia leo jioni, kesho alfajiri watu wanatoka na majembe."

"Na mlango wa choo chako umefungwa kwa kamba." Akainua mguu mmoja kutoka kwenye beseni, akautazama, akaurudisha majini. "Orodha haina miguu, Ndekirwa. Miguu ilikuwa yangu mimi, miaka yote hii. Sasa nayo imekwisha. Nimekuja kukuaga, mdogo wangu. Mlima huu sipandi tena."

Ndekirwa akalia palepale, mzee mzima, mbele ya mkewe. Namkunda akatoka akisingizia kuni.

Baada ya siku nne vijana walimshusha Nakijwa kwa machela. Ndekirwa alifungua kinywa amwambie atakuja, akakifunga. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Senkondo, mpiga pembe wa kijiji.

"Jumanne alfajiri nashuka kwa dada yangu," akamwambia. "Ukiniona hapa kijijini Jumanne, njoo unipigie pembe mlangoni, kila mtu asikie."

"Wee, nitapiga kweli!" Senkondo akasema.

"Piga."

Jumanne akashuka. Mlango wa choo aliuacha na kamba yake, mfereji ukimwaga vilevile, na nyumba haikuanguka. Magoti yalimuuma hadi akashuka mahali pengine kinyumenyume. Alimkuta Nakijwa ameketi kivulini mwa nyumba akipukuchua kunde.

"Umechoka?" dada akamuuliza.

"Nimechoka, dada."

"Basi kaa."

Akakaa. Wakapukuchua kunde mpaka jua likazama, bila maneno mengi. Ndekirwa alikuja kumwambia Namkunda kwamba usiku ule alilala kama mtoto.

Tangu hapo kila jambo alilipa siku yake, akamtajia Senkondo, basi. Mlango wa choo ulimchukua asubuhi moja, bawaba moja na misumari minne. Alipomaliza alikaa chini kwa aibu. Kwa dada alishuka tena, na tena, na tena. Mara ya tano alishuka kumzika.

Pale msibani walimpa yeye aandike wasifu wa marehemu. Nani mwingine mwenye mwandiko ule? Aliandika ukurasa mzima, akasimama mbele ya watu, akasoma: alipozaliwa, alipobatizwa, watoto sita, wajukuu kadhaa. Akaendelea vizuri mpaka mstari mmoja, kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Hapa nimeandika kwamba mdogo wake alimpenda sana," akasema. "Ni kweli, alimpenda sana. Katika miaka kumi aliyokaa bila kazi, alikuja kumwona mara nne."

Akaikunja karatasi, mara mbili, mara tatu, akaitia mfukoni.

"Dada yangu hakujua kusoma," akasema. "Lakini aliniambia orodha haina miguu."

Akaketi chini pale pale. Hakuna aliyemuuliza maana yake. Waliopanda mlima jioni ile kurudi makwao walipanda nayo midomoni, wakiwa wamechoka, wakiambiana kila mmoja kwa zamu yake: orodha haina miguu.