Hodi kwenye Pazia

Mtu akijiona mkubwa kuliko kimo chake, watu husema anajisikia. Ni maradhi ya ajabu hayo: mwenyewe hunawiri, wakaumwa jirani zake. Ndipo wahenga wakanena, maji ya kifuu bahari ya chungu. Tone likibaki ndani ya kifuu, chungu, yaani sisimizi, hudhani ni bahari kuu, naye ndiye nahodha.

Katika karakana moja ya ushonaji, yenye vyerehani vinne na feni iliyogoma, fundi mmoja mjane alipewa usimamizi. Kesho yake alitundika pazia mbele ya meza yake, akapaita ofisini. Jina la "Fundi" alilivua kama shati linalobana. Sasa yeye ni Bwana Msimamizi. Asiingie mtu bila hodi, na hodi yenyewe haiitikiwi upesi, maana mkubwa hana papara.

"Sasa pazia linabishwaje hodi?" aliuliza Mama Pindo, mshonaji mkongwe wa pale. "Tuligonge au tulipepee?"

Mafundi wakaangua kicheko. Ndani, Msimamizi alitafuna chakula chake peke yake, kikampita kooni kama pamba. Zamani kicheko kile yeye ndiye aliyekuwa akikianzisha. Alitamani kutoka, lakini mkubwa atatokaje bila sababu?

Binti yake wa pekee akachumbiwa. Marehemu mkewe alikuwa amemwachia binti hariri nyeupe, yenye kung'aa upande mmoja tu, ya gauni la siku ya harusi, isiyozidi wala kupungua. Baba akaapa kulishona mwenyewe.

Mafundi wale walikuwa na desturi: mkasi hauli kitambaa cha thamani kabla jicho la pili halijakitazama. Msimamizi aliona aibu kuomba jicho. Siku ya kukata, Mama Pindo alipita, upepo ukainua pazia, akaona kiolezo cha mkono wa pili wa gauni kimelazwa vilevile kama cha kwanza, hakikugeuzwa.

"Hodi!"

Mkasi ulisikika ndani.

"Hodi, Bwana Msimamizi! Hodi, jamani!"

Msimamizi alisikia. Akakohoa kikubwa, akaendelea kukata. Angoje kidogo.

"Tulifundishwa adabu," Mama Pindo alinong'ona akirudi kwenye cherehani chake, "na tumehitimu."

Msimamizi alipokuja kuunga vipande, mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Na hariri imekwisha.

"Baba," binti alisema akivishika vipande, "kwani hukumwita Mama Pindo atazame?"

"Nilikuwa na shughuli, mwanangu."

Binti hakulia, wala hakumlaumu. Alivikunja taratibu kama nguo za mama yake, akaondoka.

Siku ya harusi alivaa gauni la kuazima. Mafundi walijazana nyuma, wakitaniana na kushangilia. Msimamizi aliketi mbele, kwenye kiti cha heshima. Kulia kwake palikuwa mahali pa marehemu mkewe, pakiwa wazi. Kushoto palikuwa wazi pia, kwani hakuna aliyethubutu kukaa bega kwa bega na mkubwa.

Kweli, maji ya kifuu bahari ya chungu. Na humo baharini, chungu huogelea peke yake.