Mama wa Maziwa na Barua ya Makao Makuu

Wapendwa, acheni simu zenu mnisikilize. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kituo cha maziwa. Kaya arobaini zilimletea maziwa kila asubuhi. Mashine yake ya kupozea ikaharibika, akaomba mkopo benki anunue nyingine. Meneja wa tawi akamwambia, "Mama, wewe usiwe na shaka."

Benki ile makao makuu yake yalikuwa ng'ambo, na mwaka ule mambo yao yakawaharibikia. Wakubwa wakakaa mezani kukata mikopo. Wakaanzia wapi? Kwa jirani wanayekutana naye dukani? Thubutu! Wakaanzia mbali, kwetu, ambako hakuna uso wanaoujua.

Barua ikamfikia meneja: "Simamisha mikopo yote. Kama yupo mteja unayemjua na uko tayari kumtetea, tuandikie kabla ya Ijumaa."

Je, meneja alimjua yule mama? Alimjua sana! Watoto wa meneja walikunywa maziwa ya kituo chake. Lakini akawaza, "Nikimtetea halafu akashindwa kulipa, kazi yangu itakuwaje?" Ijumaa ikapita. Hakuandika hata mstari mmoja.

Jumatatu mama akaja. "Mwanangu, ule mkopo vipi?"

"Pole mama. Makao makuu wamekataa. Wako mbali, hawakujui."

Mama akamtazama. "Sasa baba, si wewe unanijua? Uliwaambia?"

Meneja akageukia kompyuta yake.

Maziwa ya kaya arobaini yakamwagwa mtaroni, siku baada ya siku, mpaka watu wakaacha kuleta. Kituo kikafungwa. Leo yule mama anafua nguo za watu.

Nawaona mnasikitika, mnawalaani wale wa ng'ambo. Sawa, wana lawama yao. Lakini wao hawakumjua, na bado waliuliza! Aliyemmaliza yule mama ni mtu aliyekaa naye benchi moja kanisani.

Na sisi je? Mjane ananyang'anywa shamba, kikao cha ardhi kinauliza, "Nani anajua mpaka ulikuwa wapi?" Sisi tuliolima naye tunatazama viatu vyetu. Kesho yake tunampa pole, tunamwambia serikali iko mbali. Jamani! Serikali iko mbali, haya. Wewe nyumba yako iko wapi?

Mjane huyo yuko humu ndani asubuhi hii. Kikao chake ni Ijumaa.