Mama Kanga na Mtaro wa Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wakubwa mliokaa nyuma, itikieni na nyinyi, maana hii inawahusu kuliko watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, na mji ulikuwa na baraza la madiwani. Kila kata ilichagua diwani mmoja. Madiwani nao wakachagua meya miongoni mwao. Kura ilikuwa huru, hakuna aliyeshikwa mkono. Hilo mlikumbuke.

Katika kata ya Bondeni aliishi Mama Kanga. Alikuwa amelalia mayai kumi na mawili, chini, majanini, kama walalavyo kanga wote. Mbele ya kiota palikuwa na mtaro wa mji, umeziba kwa tope na matawi, umejaa pomoni. Masika yalikuwa karibu. Mtoto hubebwa mgongoni, lakini yai halihami. Mama Kanga aliogopa mpaka akakonda.

Akamwendea diwani wake, Mheshimiwa Kima. Mama Kanga mwenyewe ndiye aliyempigia kampeni. Bondeni walimtaka Kima kwa sababu alilala juu kabisa ya mti, wakasema akaaye juu huona mbali. Kima akamwambia asiwe na wasiwasi, akarukia tawi, akaenda zake.

Siku ya baraza ikafika. Mama Kanga akamwachia mumewe mayai, akaenda chapuchapu mpaka ukumbini. Akaambiwa mwananchi husikiliza tu, hasemi. Wa kumsemea ni diwani wake. Akakaa nyuma, akafumba mdomo.

Kima akausema mtaro vizuri, hata Mama Kanga akatokwa na machozi. Mheshimiwa Bata akauliza, maji yakijaa kuna ubaya gani? Mheshimiwa Mwewe akasema ametazama kutoka angani, hakuona mtaro wowote. Mkurugenzi Twiga, ambaye hakuchaguliwa na mtu, aliletwa tu, naye ndiye mwenye vibarua na majembe, akasema hupita pale kila siku na maji hayajawahi kumfika gotini. Meya Kiboko akapiga miayo.

"Hoja iende kwenye kamati," akasema. "Wanaokubali waseme ndiyo."

"Ndiyo," wakasema wote. Na Kima akasema ndiyo.

Kamati ikaitwa. Wajumbe hawakutimia, ikaahirishwa. Ikaitwa tena, ikaenda kuutazama mtaro. Ikarudi, ikaandika kwamba mtaro upo.

Mvua ikaja. Chwa, chwa, chwa, siku tatu. Mama Kanga akatandaza mbawa juu ya mayai. Maji yakamfika kifuani. Akamwita Kima, akamwita tena. Kima alikuwa juu, amejikunyata, mkavu. Mayai yakaelea moja moja, yakaenda na maji.

Safari hii baraza likakutana upesi. Meya akatoa hoja ya rambirambi. Wanaokubali? Ndiyo. Wakasimama kimya dakika nzima, vichwa chini, na Twiga akaandika kwamba imepita.

Mama Kanga akasimama kule nyuma.

"Waheshimiwa," akasema, "hii mbona haikupitia kamati?"

Meya akaagiza atolewe nje, kwa kuwa mwananchi husikiliza tu, hasemi.

Uchaguzi ukaja. Bondeni wakamrudisha Kima. Walisema alilia sana msibani. Mama Kanga hakwenda kupiga kura siku hiyo. Alikuwa amelalia mayai mengine, palepale, mbele ya mtaro uleule.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nami nawaambia, wakubwa kwa wadogo: ukitaka wa kukusemea habari ya mafuriko, mchague anayelowa pamoja nawe. Wa mtini atakulilia tu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya mtaro. Bado umeziba.