Jina la Ua la Jabalini

Sogeeni karibu, na wewe mwenye simu iweke kando, maana kesi hii imenishinda na nataka vichwa vyenu.

Walikuwepo wanafunzi watatu wa kwetu waliokwenda kusomea mimea, shahada za juu, katika mji mmoja wa chuo kusini mwa Marekani. Bisimwa wa Bukavu alijaliwa macho. Sindano ikidondoka majanini, yeye ndiye wa kuitwa. Muthoka wa Machakos alijaliwa subira, na angeweza kushinda na kitabu kutwa nzima bila kukumbuka kula. Na Sikudhani wa Pangani? Yeye alijaliwa miguu isiyotulia. Mkaribishe kiti, chai haijapoa keshasimama dirishani.

Mwaka ule alikuwa na sababu. Utafiti wake ulikuwa umekwama, na majira ya machipuko yakiisha, kibali chake cha kukaa nacho kinaisha. Huko nyumbani dada yake, Mwanahawa, aliacha shule ili yeye aendelee. Kila wakiongea kwenye simu Mwanahawa humuuliza, "Mdogo wangu, umefikia wapi?" Naye hujibu, "Karibu, dada." Alikuwa amechoka kusema karibu.

Machipuko ya huko ni vurugu tupu. Misonobari inamwaga unga wa manjano mpaka magari yote yanafanana rangi, watu wanapiga chafya, na wasomi wazima wanatupa vitabu na kukimbilia mtoni kuelea juu ya maboya, au bustanini kuchoma nyama. Jumamosi moja watatu wetu walifuatana na mwalimu wao, Profesa Whitlow, kupanda jabali moja nje ya mji. Juu ya jabali hilo mvua huacha vidimbwi, na humo huota maua yanayoishi majuma machache tu, yakazaa mbegu na kufa.

Wenzake wakipiga picha, Bisimwa alichutama. "Haya hayafanani na mengine," akasema. Vilikuwa vimea viwili tu, kila kimoja na ua lake la zambarau, dogo kuliko kifungo cha shati, ndani ya kidimbwi cha ukubwa wa sinia. Halafu akafanya ujinga wake. Aling'oa kimoja, akamchomekea Sikudhani kwenye mtandio.

"Angalau kichwa kichanue, dada, maana uso umeukunja tangu asubuhi."

Wakacheka, wakashuka.

Jioni Muthoka akauliza, "Lile ua liko wapi?" Lilikutwa kwenye mikunjo ya mtandio, limelala bapa. Alilichukua hadi chumba cha chuo wanakohifadhi mimea iliyokaushwa, akaanza kufungua makabati, karatasi kwa karatasi, akililinganisha na kila jamaa yake. Sikudhani alikwenda kumsaidia na hakumaliza hata kabati moja, alitoroka. Muthoka alibaki siku hiyo, na kesho yake, na juma lililofuata.

"Halimo," akasema mwishowe.

"Una hakika?" Bisimwa akamuuliza.

"Ngoja nirudie." Akarudia yote. Halikuwemo, na Profesa Whitlow naye akathibitisha kwamba ua lile halijapata kuandikwa popote duniani. Ila ua moja kavu halikumtosha. Alitaka mmea ulio hai na mbegu zake.

Sasa, siku zote hizo mvua ilikuwa imekatika na jua limekuwa kali. Sikudhani, kwa kuwa hakuweza kutulia nyumbani, alikuwa akipanda jabali kila asubuhi bila kutumwa na mtu. Alipokuta kile kidimbwi kimebaki tope, alianza kubeba maji ya mvua aliyokuwa ameyakinga kwenye ndoo, kwa sababu maji ya bomba yana dawa. "Unanywesha jiwe?" Bisimwa alimtania. Yeye alinywesha, akakaa pale akikiambia kile kimea mambo aliyoshindwa kumwambia dada yake. Profesa alipopanda tena, vidimbwi vingine vilikuwa vimekauka kabisa. Hicho kimoja kilikuwa na mmea wenye mbegu.

"Ua jipya hupewa jina moja," Profesa akawaambia. "Mmoja wenu atalichagua. Kubalianeni, nawangoja kwenye gari."

Bisimwa akawahi. "Bila macho yangu mngelikanyaga. Liitwe Bukavu. Mji wangu hutajwa kwa vita tu, acha utajwe kwa ua."

"Bila mikono yako tungekuwa na mawili," Sikudhani akamkata.

"Lile aliloling'oa ndilo nililolisoma, sikatai," Muthoka akasema. "Lakini bila mimi lingekuwa takataka ya kwenye mtandio. Binti yangu Mumbua amezaliwa nikiwa huku, sijamshika hata siku moja. Nataka apate kitu changu."

"Na bila mimi mngekuwa mnalipatia jina ua lililokwisha kufa!" Sikudhani akasema. Akataka ua liitwe Mwanahawa, akawaeleza habari za huyo dada, na shule aliyoiacha, na lile neno "karibu". Akalia bila kujificha.

Bisimwa aliinama. "Basi chukua wewe, dada. Mimi naacha."

Moyo wa Sikudhani uliruka kwa furaha. Muthoka akamtazama. "Hata mimi naweza kuacha. Ila nikuulize, Siku. Tukikuachia kwa kuwa umelia, utamwambia nini dada yako? Kwamba ulistahili, au kwamba ulionewa huruma?"

Sikudhani alisimama. Akalizunguka jabali lote, akarudi akihema.

"Sitaki huruma," akasema. "Mwanahawa keshaonewa huruma ya kutosha na watu wa mtaa mzima. Semeni haki. Ikiwa ni langu, nipeni. Ikiwa si langu, nitanyamaza."

Wenzake walikuwa bado hawajaamua. Chini kule Profesa akapiga honi.

Haya, ninyi mliokaa hapa: aliyeliona akaling'oa, aliyelisoma hadi akalijua, na aliyelinywesha likaishi. Msinijibu kwa huruma, mwenyewe keshaikataa. Kwa haki tupu, nani alichague jina? Na kama si Sikudhani, nani kati yenu atakayempigia simu Mwanahawa?